Dawa za Chunusi Haziishii Usoni

Mazungumzo haya yalitolewa na Ofisa Habari na Mawasiliano wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata. Yanachapishwa kwa maombi ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Nimepewa muda mfupi kuzungumzia jambo ambalo si la kawaida katika mikutano yetu. Tumezoea kuzungumza hapa juu ya maji, barabara na madawati. Leo nazungumza juu ya chunusi, na hasa juu ya dawa zake: zinapoingia mwilini huenda wapi, hugusa nini, na hubadili nini. Nitangulize kusema kwamba mimi si tabibu. Taaluma yangu ni mawasiliano kwa umma. Niliyoyaandaa yamepitiwa na Mfamasia wa Wilaya, ambaye yupo nami hapa, na mengine nimeyasoma kwenye zile karatasi nyembamba zilizokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, ambazo wengi wetu huzitupa pamoja na boksi.

Sababu ya kulichagua jambo hili ni barua. Tulipofungua masanduku ya maoni ya robo mwaka iliyopita tulikuta malalamiko tuliyoyatarajia, na katikati yake karatasi moja ya daftari isiyo na jina. Mzazi aliandika kwamba binti yake yuko kidato cha tatu. Chunusi zilimzidi, akanunua krimu ya tyubu kwenye duka la vipodozi. Ndani ya siku nne uso ukawa laini. Alipoiacha, chunusi zikarudi maradufu, akaanza tena, akaongeza kupaka shingoni, mikononi na mapajani kwa kuwa ilimfanya pia awe mweupe. Sasa, aliandika mzazi huyo, ngozi ya mashavu imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, uso umevimba, na hedhi imepotea mwezi wa tatu huu. Akamalizia kwa kuuliza: dawa ya kupaka juu ya ngozi inaweza kweli kufika huko?

Jibu ni kwamba inaweza. Ili tuelewe inafikaje, sina budi kwanza kueleza chunusi zenyewe zinatoka wapi.

Wapo wanaoamini kwamba chunusi ni uchafu, na wapo wanaomwambia kijana maneno yasiyofaa juu ya mwenendo wake. Maneno hayo hayana msingi. Chini ya ngozi, pembeni ya kila kinyweleo, kuna tezi ndogo inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Tezi hiyo hupokea amri kutoka kwa homoni ziitwazo androjeni, ambazo maarufu zaidi ni testosteroni. Wengi huziita homoni za kiume, lakini wanawake nao wanazo kwa kiasi kidogo, zikitoka kwenye ovari na kwenye tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Wakati wa balehe androjeni hupanda, tezi za mafuta hukua, tundu la kinyweleo huziba kwa mafuta na chembe zilizokufa, na bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu hustawi humo ndani. Mwili hujibu kwa uvimbe. Hiyo ndiyo chunusi. Kijana anayeosha uso mara sita kwa siku kwa sabuni kali hatazuia homoni zake, bali ataikausha tu ngozi.

Homoni nyingine inayohusika ni insulini, ambayo kazi yake kuu ni kuingiza sukari ya damu kwenye chembe za mwili. Insulini ikiwa juu kwa muda mrefu, huchochea tezi za mafuta na pia huisukuma ovari itoe androjeni zaidi. Hapa ndipo chakula kinapoingia. Mwaka 2002 watafiti walioongozwa na Loren Cordain waliandika juu ya wakazi wa kisiwa cha Kitava, nchini Papua New Guinea, wanaokula magimbi, viazi, matunda, samaki na nazi: katika watu 1,200 waliochunguzwa hawakumkuta hata mmoja mwenye chunusi. Mwaka 2007, nchini Australia, vijana wa kiume 43 walifuatiliwa kwa wiki 12, na wale waliopunguza vyakula vinavyopandisha sukari haraka walipungukiwa na chunusi kuliko wenzao. Nayataja haya bila kuyakuza. Wengi hula vizuri na bado wana chunusi, na wengine hunywa soda kila siku na ngozi zao hazina doa. Ila kwa kijana anayeshinda kwa maandazi na soda, kupunguza si hasara.

Sasa nirudi kwenye tyubu.

Krimu nyingi zinazoondoa chunusi kwa siku tatu au nne zina dawa za jamii ya steroidi. Majina yake huandikwa kwa herufi ndogo sana ubavuni mwa tyubu: betamethasoni, klobetasoli. Hizi ni dawa halali, na zimewasaidia wagonjwa wengi wenye magonjwa ya ngozi ambayo daktari ameyathibitisha. Zinatuliza uvimbe upesi, ndiyo maana chunusi hunywea. Lakini hazifungui tundu lililoziba wala hazipunguzi homoni iliyoleta tatizo. Zaidi ya hapo, steroidi yenyewe huzalisha aina yake ya chunusi, ndogondogo na za kufanana, zinazotapakaa usoni na kifuani. Mtumiaji huziona, hudhani ugonjwa umeongezeka, naye huongeza krimu.

Hayo ni ya juu ya ngozi. Ya ndani ni mazito zaidi. Steroidi hizi zimetengenezwa kwa kuiga homoni ya mwili iitwayo kotisoli, inayotolewa na tezi za adrenali. Kotisoli hutunza shinikizo la damu, huamuru ini litoe sukari mwili unapohitaji nguvu, na hutuwezesha kustahimili homa, jeraha au upasuaji. Bila hiyo binadamu hawezi kuishi.

Nitumie mfano wa mradi wetu wa maji. Kijijini kuna tangi na kuna mtunza pampu. Tangi likipungua, mtunza pampu huwasha mashine, likijaa, huzima. Katika mwili mtunza pampu ni ubongo pamoja na tezi ndogo iliyo chini yake, nayo mashine ni tezi za adrenali. Sasa mtu akija na boza kila asubuhi na kumwaga maji tangini, mtunza pampu ataona tangi limejaa, atazima mashine, na mashine itakaa miezi mingi bila kuwashwa. Siku boza lisipokuja, tangi hukauka, na mashine iliyoshika kutu haiwaki kwa kubonyeza swichi mara moja.

Boza ni steroidi iliyopenya kwenye ngozi. Ngozi ya uso, ya kope na ya sehemu za siri ni nyembamba na hupenyeza dawa kwa wingi kuliko ya kiganja au unyayo. Maelezo ya watengenezaji wa klobetasoli yanasema kwamba hata gramu 2 kwa siku zimeonekana kupunguza kazi ya tezi za adrenali. Ukikamua krimu kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia pingili ya mwisho hadi ncha, umepata takriban nusu gramu. Kwa hiyo mistari minne ya namna hiyo ndiyo gramu 2. Maelezo hayohayo yanataka dawa hii isitumike kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo, wala zaidi ya gramu 50 kwa wiki. Anayejipaka mwili mzima asubuhi na jioni kwa mwaka mmoja ameivuka mipaka hiyo yote.

Dalili za tangi kujazwa kupita kiasi ni uso kuwa wa mviringo, mafuta kujikusanya tumboni na mgongoni, misuli ya mapaja kulegea, michirizi mipana kwenye ngozi, shinikizo la damu kupanda, na kwa wanawake hedhi kuvurugika. Sukari ya damu nayo hupanda, kwa sababu ini linaamriwa kutoa sukari ambayo mwili haukuihitaji. Kwa mwenye kisukari, kipimo kinaweza kuonyesha namba kubwa ingawa hajabadili chakula wala kuacha dawa, na hata mtabibu asipoambiwa habari za krimu atapata taabu kuielewa.

Dalili za tangi kukauka huja mtu anapoacha ghafla: uchovu usioeleweka, kizunguzungu akisimama, kichefuchefu na kutapika, kukosa hamu ya kula. Akipatwa na malaria kali au ajali katika kipindi hicho, shinikizo la damu linaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Kwa hiyo nawasihi, yeyote ambaye ametumia krimu za aina hii sehemu kubwa ya mwili kwa miezi mingi, akitoka hapa asiende kuitupa shimoni kwa hamasa ya mkutano. Aende nayo kituoni, apimwe, apangiwe namna ya kuipunguza. Ngozi itamsumbua kwa wiki kadhaa, pengine miezi, itawasha na kuwa nyekundu, na hicho ndicho kipindi ambacho wengi hushindwa na kurudi dukani.

Mkorogo ni mada ya siku nyingine, ila siwezi kuuruka kabisa, kwa kuwa mara nyingi tyubu ya chunusi huishia humo. Mchanganyiko huo huwa na steroidi, haidrokwinoni, na wakati mwingine sabuni au krimu yenye zebaki. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto. Mkataba wa kimataifa uitwao Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambao wakazi wake waliangamia kwa zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana Geneva kwamba ifikapo 2025 kusiwe na kipodozi chochote kilichotiwa zebaki. Hapa nchini, tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, na dawa zinasimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Klobetasoli ni dawa. Ikikaa kwenye rafu moja na losheni na mafuta ya nywele, imekaa mahali isipostahili.

Aina ya pili ninayotaka kuizungumzia kwa kirefu ni vidonge vya isotretinoini. Havipatikani katika zahanati zetu, lakini vijana wanaosoma mijini wanavifahamu, na tumesikia vikipitishwa kutoka mkono hadi mkono mabwenini. Dawa hii iliidhinishwa Marekani mwaka 1982, na kwa chunusi kubwa zinazoacha makovu hakuna iliyo na nguvu kama hiyo. Ni ndugu wa vitamini A. Hupita tumboni pamoja na mafuta ya chakula, ndiyo maana humezwa na mlo, kisha huenda kwenye ini. Katika chembe za tezi ya mafuta hubadilika na kuwasha na kuzima maagizo ya urithi yaliyomo ndani yake, hadi tezi inanywea na kutoa mafuta kidogo sana. Karibu kila anayeitumia hupasuka midomo, na hiyo peke yake hutuonyesha kwamba dawa haichagui tezi za shavuni tu.

Kwenye umetaboli, yaani ile kazi ya mwili ya kugeuza chakula na dawa kuwa nguvu, akiba na taka, isotretinoini huligusa zaidi ini. Katika majaribio ya awali, takriban mtumiaji mmoja kati ya wanne alipandisha trigliseridi, ambayo ni mafuta yanayosafiri kwenye damu. Lehemu nayo hupanda kwa baadhi, na vimeng'enya vya ini huweza kuonyesha kwamba ini linaelemewa. Mara nyingi hali hii hurudi kuwa ya kawaida dawa ikiachwa. Lakini trigliseridi zikipanda mno huweza kuliumiza kongosho, na maumivu ya kongosho ni ya kulazwa. Ndiyo maana daktari hupima damu kabla ya kuanza na hurudia baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana pia mgonjwa huambiwa aache pombe, asimeze vidonge vingine vya vitamini A, wala asichanganye na doksisaiklini na ndugu zake, kwa kuwa mchanganyiko huo umewahi kupandisha shinikizo ndani ya fuvu la kichwa na kutishia macho.

Juu ya vitamini A niondoe hofu moja. Matone wanayopewa watoto wetu wa miezi 6 hadi 59 kila Juni na Desemba ni kinga, kwa kipimo kilichopangwa. Hayahusiani kabisa na ninayoyasema hapa. Wapelekeni watoto.

Hatari kubwa ya isotretinoini ni kwa ujauzito. Mama akiimeza, hata kwa siku chache tu, mtoto aliye tumboni anaweza kuharibika masikio, uso, moyo na ubongo, au mimba ikatoka. Marekani walilazimika, tangu mwaka 2006, kumwandikisha kila anayepewa dawa hii kwenye mpango maalumu, na mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi bila kupimwa. Dawa ikiisha ni lazima angojee mwezi mmoja kamili kabla ya kubeba mimba, na katika mwezi huohuo mtumiaji yeyote, wa kike au wa kiume, asichangie damu, kwa sababu damu hiyo inaweza kupewa mjamzito. Naomba wazazi mlifikirie hili kwa mapana yake. Binti anayepewa vidonge kumi na rafiki yake bwenini hapimwi damu, hapimwi mimba, na hakuna anayemwambia lolote kati ya haya.

Zipo pia dawa zinazotibu chunusi kwa kuzielekea homoni moja kwa moja, na hizi ni za wanawake. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, estrojeni na projestojeni, huliagiza ini litengeneze kwa wingi protini inayozishika testosteroni kwenye damu. Testosteroni iliyoshikwa haiifikii tezi ya mafuta. Ovari nayo hupunguza kuitoa. Matokeo huonekana baada ya miezi mitatu hadi sita, si wiki mbili. Lakini estrojeni hiyohiyo huliagiza ini kuongeza vitu vinavyogandisha damu, kwa hiyo mwenye shinikizo la juu la damu, aliyewahi kupata damu kuganda mguuni, mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35, au mama aliyejifungua karibuni anayenyonyesha, hatafutiwi nafuu ya uso kwa njia hii. Kupimwa shinikizo la damu ni dakika mbili na hapa kituoni ni bure.

Jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi ni kwamba njia zenye homoni moja, kama sindano ya miezi mitatu na vijiti vya mkononi, huweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya watumiaji. Nalisema kwa uangalifu, maana sitaki mtu atoke hapa akang'oe kijiti. Kwa wengi hakuna kinachotokea, na faida ya kupanga uzazi ni kubwa mno kulinganisha na vipele. Lakini mama aliyeanza sindano na uso ukabadilika ana haki ya kumweleza muuguzi na kupewa njia nyingine siku hiyohiyo, badala ya kuacha kimyakimya na kurudi baada ya miezi minne akiwa na ujauzito asioupanga. Na kwa kuwa tunazungumzia ini, aliye kwenye dawa za kifua kikuu ajue kwamba rifampisini huliharakisha ini kiasi kwamba homoni za vidonge huvunjwa upesi na kinga dhidi ya mimba hupungua.

Spironolaktoni nayo ilianza kama dawa ya moyo na ya kutoa maji mwilini, na wazee kadhaa hapa wanaimeza kwa sababu hiyo. Ilibainika kwamba huziba mlango ambao androjeni huingilia kwenye chembe, na madaktari wa ngozi wakaanza kuwapa wanawake wenye chunusi za taya na kidevu zinazozidi kila zinapokaribia siku za hedhi. Hubakiza potasiamu mwilini, kwa hiyo ni hatari kwa mwenye figo dhaifu na kwa anayetumia baadhi ya dawa za presha kama enalaprili au losatani. Inaweza kuvuruga hedhi na kuumiza matiti. Mjamzito haruhusiwi, maana inaweza kuathiri maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Wanaume nao hawapewi kwa chunusi, kwani huwaotesha matiti. Kijana wa kiume asichukue vidonge vya moyo vya babu yake.

Doksisaiklini si homoni wala haizigusi. Hupunguza bakteria na uvimbe. Chai ya maziwa na vidonge vya madini ya chuma huikamata tumboni isifyonzwe, humezwa kwa glasi nzima ya maji mtu akiwa amekaa wima ili isichome koo, na haifai kwa mjamzito wala mtoto wa chini ya miaka 8. Kuinunua vidonge vinne vinne kila uso unapochafuka ni kuwafundisha bakteria kuizoea.

Nirudi kwa mzazi aliyeandika. Hedhi iliyopotea kwa binti ina sababu nyingi, na hatupaswi kukimbilia moja. Ya kwanza kuipima ni mimba, bila ukali na bila kumwaibisha. Ya pili ni hiyo krimu na kiasi alichopaka. Ya tatu ni hali ambayo ovari hujaa vifuko vidogo vingi na androjeni hupanda: mwanamke hupata chunusi zisizosikia dawa, vinyweleo kidevuni, hedhi za kuruka miezi, mara nyingi pamoja na insulini iliyo juu na unene wa tumbo. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa miongoni mwa sababu kuu za kutopata ujauzito, na wengi walio nayo hawajawahi kuambiwa kuwa wanayo. Mwanamke wa namna hii akitibiwa uso tu, kisukari kinaweza kumjia taratibu bila kujulikana. Kwa hiyo, mama au baba uliyeandika, kama umo humu, huna haja ya kujitambulisha. Njoo na binti yako kituo cha afya ukiwa umebeba tyubu yenyewe. Wakihitaji kumpa rufaa ataanzia hospitali ya wilaya, na nchi yetu haikosi mabingwa wa ngozi: Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo ambacho tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika.

Mtaniuliza, basi atumie nini yule mwenye chunusi za kawaida? Krimu au jeli ya benzoili peroksaidi ndiyo pa kuanzia kwa wengi. Hufanya kazi juu ya ngozi, kiasi kidogo kinachopenya mwili hukigeuza na kukitoa kwa mkojo, na haibadili homoni. Itakausha ngozi mwanzoni na itapausha taulo na kola ya shati. Inahitaji wiki sita hadi nane ndipo mtu aanze kuihukumu. Uvumilivu huo ndio bei yake. Krimu inayofanya muujiza kwa siku nne ndiyo ya kusoma ubavuni mwake kabla ya kulipa.

Kwa wenye maduka waliopo hapa, nasema kwa heshima. Maduka ya dawa muhimu yalianza mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili mwananchi wa kijijini apate dawa salama kutoka kwa mtu aliyefundishwa, na yamefanya kazi kubwa. Muuzaji aliyefundishwa akiombwa klobetasoli na mwanafunzi aliyevaa sare, anajua la kufanya. Duka la vipodozi halina ruhusa ya kuuza dawa ya aina yoyote, na ukaguzi wa Halmashauri utapita katika kata hii. Afadhali mziondoe rafuni wenyewe kabla haujafika.

Mfamasia wa Wilaya na mtabibu wa kituo watabaki kwenye ofisi ya kata hadi saa kumi jioni. Kipimo cha presha na cha sukari vipo. Mwenye tyubu, sabuni au vidonge asivyovielewa alete, hata kama boksi limepotea, wataangalia pamoja naye mlango ukiwa umefungwa, na hataulizwa alinunua kwa nani. Wasichana watahudumiwa na muuguzi wa kike, chumba cha pili. Atakayekuwa amepata madhara ataandikiwa fomu ya kuripoti madhara ya dawa, ambayo huenda Mamlaka bila jina lake kutangazwa.